Historia ya Kale na Mandhari ya Ziwa Victoria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kozi Fupi ya Kuvuka Mpaka

Maswali yafuatayo yametokana na barua na mazungumzo ya wanafunzi wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe wanaotaka kujiunga na kozi, pamoja na wazazi na walezi wao. Kozi huchukua wiki tatu. Siku za mwanzo hutumika Mwanza na viunga vyake, kisha kundi huvuka mpaka wa Sirari na kuendelea na masomo katika ukanda wa ziwa upande wa Kenya hadi Kisumu, ndipo hurejea nyumbani kwa njia ileile.

Kozi hii inafundisha nini hasa?

Inafundisha namna ya kuisoma ardhi kama ushahidi wa historia. Watu waliokaa kando ya ziwa hili kwa maelfu ya miaka hawakuacha maandishi, lakini waliacha vigae vya vyungu, mavi ya chuma (masazo ya uyeyushaji), magamba ya konokono na kombe waliokula, kuta za mawe na michoro miambani. Kila kimoja kati ya hivyo kilibaki mahali kilipo kwa sababu ya maji, mwinuko au aina ya mwamba uliokuwepo. Mwanafunzi anayejua tarehe bila kuijua ardhi hawezi kueleza kwa nini watu walikaa hapa na si pale, na mwanafunzi anayejua miamba peke yake hawezi kueleza watu. Kwa hiyo, vitu hivyo viwili hufundishwa pamoja kila siku ya kozi, na mwalimu wa jiolojia na mwalimu wa akiolojia husimama mbele ya eneo moja kwa wakati mmoja.

Kwa nini tuvuke mpaka kwenda Kenya, ilhali historia ya kale ipo hapa kwetu?

Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na ni la haki kabisa. Mstari unaotenganisha Tanzania na Kenya ulichorwa na Waingereza na Wajerumani katika makubaliano ya mwaka 1886, yakafuatwa na yale ya mwaka 1890 yaliyouendeleza mstari huo kulikata ziwa kuelekea magharibi. Watu waliofinyanga vyungu vya Urewe, vyenye midomo iliyochanjwa kwa ustadi na mara nyingi kishimo kidogo kitakoni, waliishi kuanzia miaka ya kabla ya Kristo hadi karne kadhaa baada yake, na vyungu vyao hupatikana Kagera, Rwanda, Burundi, Uganda na magharibi mwa Kenya. Jina lenyewe la Urewe limetokana na mahali palipo Siaya, Kenya. Anayesoma kipande cha Tanzania peke yake anasoma ukurasa mmoja wa barua ndefu, akidhani amemaliza.

Jambo hili halikuishia enzi za kale. Wakurya wapo Tarime na wapo Kuria upande wa pili, na Waluo wa Rorya wana ndugu, makaburi ya mababu na mifugo ya mahari ng'ambo ya mpaka. Mwanafunzi wa Mwanza anayefika Migori kwa mara ya kwanza hushangaa kuona jinsi mashamba, milima ya mawe na samaki sokoni vinavyofanana na vya nyumbani, na mshangao huo ni sehemu ya somo. Tungeweza kuandaa kozi ya ndani ya nchi kwa gharama ndogo zaidi, lakini tunaamini kwa dhati kwamba ingewapa vijana wetu picha pungufu ya ziwa lao.

Nani anaweza kuomba?

Mwanafunzi yeyote wa chuo au chuo kikuu, pamoja na mwalimu wa historia au jiografia wa shule ya sekondari, aliyetimiza umri wa miaka 18. Wanafunzi wa kidato cha sita waliomaliza mitihani hupokelewa endapo wametimiza umri huo na wana barua ya mzazi au mlezi.

Je, ni lazima niwe nimesoma akiolojia au jiolojia?

Hapana. Tunahitaji mtu anayeweza kutembea kwa miguu saa kadhaa juani, kuandika anachokiona bila kuongeza chumvi, na kumsikiliza mzee hadi amalize. Wanafunzi wa ualimu, sheria, uvuvi na uuguzi wamefaa sawasawa na wale wa historia. Uzoefu unaonyesha kwamba waliokulia karibu na mwalo au katika familia za wafugaji huona mambo ya mandhari ambayo wengine hupitwa nayo, kwa mfano mahali ambapo mtumbwi ungeweza kutia nanga kabla ya maji kupanda.

Siku za Mwanza zina kazi gani? Mimi ni mzaliwa wa hapa, mawe haya nayajua.

Tunaomba uje ukiwa tayari kuyatazama upya. Mawe yaliyobebana juu ya vilima vya Capri Point, Bugando na Isamilo, pamoja na Jiwe la Bismarck lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, ni itale, ambayo wengi huiita graniti, iliyoganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Watu wengi hudhani kwamba mawe hayo yaliporomoka kutoka juu au yalipangwa na nguvu fulani. Ukweli ni kwamba mwamba ulikuwa mmoja. Ulipasuka kwa nyufa zilizokatizana, maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo kwa muda mrefu mno na kuyageuza madini ya kingoni kuwa udongo, kisha udongo huo ukachukuliwa na mvua, na viini vigumu vikabaki vimekaliana jinsi tunavyoviona leo. Siku ya kwanza mwanafunzi hupewa kilima kimoja na kutakiwa kuchora nyufa zake zote, kazi inayoonekana nyepesi asubuhi na ngumu saa sita mchana.

Somo hilo la mwamba ndilo linalotufungulia mlango wa watu. Mawe yaliyobebana huacha vivuli na mapango madogo, na humo ndimo watu wa kale walimojihifadhi. Katika pango la Nyang'oma mkoani Mwanza, watafiti walikuta vigae vya aina ya Kansyore, aina iliyopewa jina la kisiwa kimoja cha Mto Kagera. Watu wa Kansyore walikuwa wavuvi, wawindaji na waokota matunda, na walifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya kilimo kufika hapa. Hilo huwashtua wanafunzi wengi, kwa sababu vitabu vya shule vimewazoesha kuhusisha chungu na jembe.

Siku ya ziwa hufuata. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake kikubwa ni takribani mita 80 tu, na tofauti hiyo kati ya upana na kina ndiyo siri ya historia yake yote. Lilianza kufanyika takribani miaka 400,000 iliyopita, wakati ardhi ya magharibi ilipoinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikielekea huko, Kagera na Katonga ikiwa miongoni mwake. Kwa kuwa ni la kina kifupi, lilikauka kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, na chini ya tope lake wanasayansi wamekuta tabaka la udongo mkavu lenye alama za mizizi ya majani. Maji yalirudi baadaye, na aina mamia za samaki wadogo wa jamii ya furu zilizotawala ziwa hili kabla ya sangara zilichipuka humo. Kupanda na kushuka kwa maji hakujakoma: mwaka 2020 ziwa lilifikia kimo kilichoizidi kidogo rekodi ya mwaka 1964, na wakazi wengi wa pwani wanakumbuka nyumba na bustani zilizofunikwa. Wanafunzi huwahoji wakazi hao na kuweka alama za kimo cha maji kwenye ramani, kisha hujiuliza ni makazi mangapi ya kale yaliyomo majini sasa.

Tunapita pia katika Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, Kisesa, ambako ngoma za watemi zimehifadhiwa, na Kageye wilayani Magu, kijiji ambako Henry Morton Stanley aliiandaa mashua yake mwaka 1875 kabla ya kulizunguka ziwa. Kageye tunaipa nusu siku tu. Wasafiri wa Ulaya, kuanzia Speke aliyeliona ziwa kutoka eneo la Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, wamekwishaandikwa vya kutosha, na tunaona si sahihi kozi ya historia ya kale ianze siku walipofika wao.

Upande wa Kenya tutaona maeneo gani?

Eneo la kwanza, na ambalo tunakaa kwa muda mrefu zaidi, ni Thimlich Ohinga katika kaunti ya Migori, lililoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Ni maboma ya mawe makavu yanayokadiriwa kujengwa katika karne ya 16, yakiwa na kuta zenye kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5 na unene wa kati ya mita 1 na 3. Hakuna saruji, hakuna udongo wa kushikizia, wala hakuna msingi uliochimbwa. Waashi walipanga mawe makubwa upande wa nje na wa ndani, wakajaza madogo katikati, na uzito wa ukuta wenyewe ndio ulioushikilia kwa karne nyingi. Milango ni mifupi kwa makusudi, ili anayeingia, awe mgeni au adui, ainame. Ndani kuna mabaki ya mazizi na makazi, na panaonekana pia dalili za uhunzi. Kadiri jamii moja ilipohama na nyingine kuingia, waliofika waliyakarabati maboma waliyoyakuta na kuyatumia, na kwa sababu hiyo Thimlich Ohinga haiwezi kudaiwa na kabila moja.

Wanafunzi hutumia siku nzima kupima kuta na kujibu swali moja: mawe haya yalitoka wapi? Jibu linapatikana kwa kutembea kilimani na kuyaangalia yaliyolala juu ya ardhi. Aliyechora nyufa za kilima kule Mwanza hulipata haraka.

Kutoka hapo tunakwenda Gogo Falls, kwenye Mto Kuja. Mahali hapa hapana kuta wala sura ya kuvutia macho, na mgeni asiyeelezwa atapita bila kusimama, lakini kwa maoni yetu ndipo patakapomfundisha mwanafunzi zaidi ya pengine pote. Matabaka ya udongo wake yana lundo la magamba na mifupa ya samaki lililoachwa na watu wa Kansyore, kisha mabaki ya wafugaji wa kale, kisha vyungu vya Urewe vya wakulima wa zama za chuma. Hivyo, uvuvi, ufugaji na kilimo vimepandana mahali pamoja, na mwanafunzi anaweza kufuatilia jinsi jamii za ukanda huu zilivyobadili namna ya kujipatia chakula bila kulazimika kuiacha ile ya awali. Hata leo mtu wa Ukerewe au wa Mbita huvua usiku, hulima asubuhi na kufuga ng'ombe wawili.

Baada ya Gogo Falls kundi huenda Mbita, na kutoka huko kwa boti hadi kisiwa cha Mfangano kutazama michoro ya miambani ya Mawanga na Kwitone. Ni miduara iliyozungukana na maumbo ya mizunguko, kwa rangi nyekundu na nyeupe, na wenyeji wanaihusisha na watu wa kale waliokuwepo kabla yao na vilevile na maombi ya mvua. Makumbusho ya jamii ya Abasuba yaliyopo kisiwani ndiyo hupanga ziara hiyo, na waongozaji ni wenyeji.

Rusinga, kisiwa cha jirani kilichounganishwa na Mbita kwa njia ya barabara, kinaturudisha nyuma kuliko mahali pengine popote katika safari hii. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua hapo fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia aliyeishi takribani miaka milioni 18 iliyopita. Masalia ya Rusinga yalihifadhika vizuri kwa sababu volkano ya Kisingiri ilimwaga majivu yaliyofunika msitu, wanyama, mbegu na hata wadudu. Hapa somo la mandhari hukamilika, kwa kuwa mwanafunzi husimama katika nchi kavu yenye miti michache akieleza msitu mnene uliokuwepo kabla ya ziwa lenyewe.

Siku za mwisho ni za Kisumu, kwa ajili ya makumbusho ya mji huo, uandishi na mawasilisho.

Nimesikia kwamba chuma cha kale cha Kagera ni mashuhuri duniani. Mbona hakimo katika ratiba?

Kimo katika masomo ya darasani, ingawa hatufiki Bukoba kwa sababu ya umbali. Katuruka, karibu na Maruku, ni mahali ambapo mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya uchimbaji tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, akiongozwa na simulizi za wazee wa Kihaya kuhusu mti mkubwa na utawala wa Rugomora Mahe. Chini ya eneo hilo lililotajwa na wazee alikuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma ya zamani mno kuliko utawala wenyewe. Katika miaka ya 1970 wazee waliokuwa wakikumbuka kazi hiyo walijenga tanuru upya na kuyeyusha chuma kwa mivuo na mkaa. Jaribio hilo lilionyesha kwamba hewa iliyopashwa joto ndani ya mabomba ya udongo iliweza kuzalisha joto kali na chuma kilichofanana na chuma cha pua.

Tunalisoma jambo hili usiku mmoja kabla ya kuvuka mpaka, kwa kuwa linathibitisha mambo mawili ambayo mwanafunzi atayahitaji Kenya: kwamba simulizi ya mzee inaweza kuelekeza jembe la mtafiti mahali sahihi, na kwamba ufundi wa watu wetu ulikuwa wa kiwango cha juu. Tunawasihi washiriki waende Katuruka kwa muda wao wenyewe baada ya kozi. Kwa wanaotumia barabara, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa foleni ya kivuko katika njia hiyo.

Je, tutachimba?

Hapana. Uchimbaji ni uharibifu unaofanywa kwa utaratibu, kwa sababu tabaka likishafukuliwa halirudi. Unahitaji kibali, maabara, fedha za kuhifadhi vilivyopatikana na muda mrefu wa kuandika ripoti, na wiki tatu hazitoshi kwa hayo. Mtachunguza juu ya ardhi, mtapima, mtachora na kusoma matabaka yaliyokwisha kufunguliwa na watafiti au kukatwa na mito.

Nikiona kigae kizuri naweza kukichukua kama kumbukumbu?

Huwezi, hata kikiwa kidogo kama ukucha. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na zote zinalinda vitu hivyo. Zaidi ya sheria, kigae kilichoondolewa mahali pake hakina tena habari ya kutueleza, kwa sababu thamani yake yote ipo katika tabaka na majirani zake. Mshiriki atakayechukua kitu atarudishwa nyumbani siku hiyohiyo kwa gharama yake, na hatujawahi kujadiliana juu ya kanuni hii.

Ninahitaji hati gani za safari?

Pasipoti hai ya Tanzania. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawahitaji viza kuingia Kenya, lakini kitambulisho cha NIDA peke yake hakitoshi kwa Mtanzania. Anza maombi katika ofisi ya Uhamiaji mapema, walau miezi miwili kabla. Pamoja na pasipoti, beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo maofisa wa afya mpakani huweza kuidai. Chanjo hiyo huchomwa siku zisizopungua 10 kabla ya safari, na tangu mwaka 2016 kadi yake hutambuliwa kwa maisha yote.

Mimi ni mzazi. Nina hofu na safari za majini. Mnalihakikishaje hilo?

Mama au baba unayeuliza hivi hapa Mwanza una sababu ya kuuliza. Hakuna familia ya mji huu isiyokumbuka MV Bukoba ya mwaka 1996, na msiba wa MV Nyerere karibu na Ukara mwaka 2018 bado ni mbichi kwa wengi wetu. Kwa hiyo, tumeweka taratibu ambazo hatuzilegezi. Safari ya maji ni moja tu, ya Mbita hadi Mfangano na kurudi. Hufanyika asubuhi kabla upepo wa mchana haujapanda, kwa boti isiyojazwa hadi ukomo wake, na kila mtu huvaa jaketi okozi tangu anapoingia hadi anapotoka, awe anajua kuogelea au hajui. Hali ya hewa ikiwa na shaka, safari huahirishwa au kufutwa, na kundi hubaki Rusinga. Mshiriki asiyetaka kupanda boti kabisa hapunguziwi alama; hupewa kazi nyingine ya Rusinga siku hiyo.

Vipi kuhusu afya?

Hatari kubwa mbili ni malaria na kichocho. Vyandarua vipo katika nyumba zote za kulala, lakini dawa ya kufukuza mbu ni juu yako. Kuhusu kichocho, vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini na hupenya ngozi ndani ya dakika chache, hivyo ni marufuku kuogelea, kuosha miguu au kusimama majini ufukweni, hata kama watoto wa kijiji wanaoga hapo. Baada ya kozi tunashauri kila mshiriki apime. Ugonjwa huo hutibika kwa dawa ya prazikwanteli. Mwenye maradhi ya kudumu, kama vile kisukari, pumu au selimundu, aeleze mapema kwenye fomu ili tupange mapumziko na abebe dawa za kutosha muda wote. Taarifa hizo huonwa na kiongozi wa kundi na muuguzi tu.

Kozi hufanyika lini, na nivae nini?

Mwezi Julai, wakati wa kiangazi kati ya masika na vuli, ambapo nyasi zimelala na kuta huonekana. Vaa viatu imara vilivyokwisha kuzoea mguu, kofia pana, suruali au sketi ndefu nyepesi, na sweta kwa ajili ya usiku.

Ada inagharamia nini?

Inagharamia usafiri wa basi kutoka Mwanza hadi Kisumu na kurudi, boti, malazi, milo mitatu, viingilio vya makumbusho na malipo ya waongozaji wa vijiji. Haigharamii pasipoti, chanjo, bima ya afya wala vocha za simu. Kiasi chenyewe hutajwa katika barua ya mwaliko kwa sababu bei za mafuta na thamani ya shilingi ya Kenya hubadilika kila mwaka. Malipo yanaweza kugawanywa kwa awamu. Tunaomba mwombaji mwenye uhaba aseme wazi katika barua yake, kwani kila msimu huwa tunatenga nafasi za nusu ada, na mara nyingi wanaozistahili huona haya kuziomba.

Masomo hutolewa kwa lugha gani?

Kwa Kiswahili. Vipindi vya kitaalamu huandamana na orodha ya istilahi, kwa sababu vitabu vingi vya rejea vimeandikwa kwa Kiingereza. Vijijini hutumika Kijaluo na Kisuba kwa msaada wa mkalimani, na washiriki wa kutoka Rorya wamekuwa msaada mkubwa hapo.

Mimi ni muumini. Je, nitalazimika kushiriki matambiko katika maeneo ya michoro?

Hutalazimika. Kundi huenda kujifunza, na wenyeji wanalielewa hilo. Hata hivyo, baadhi ya maeneo yana masharti yake, kama vile kutopiga kelele au kutogusa mwamba, na masharti hayo ni lazima yafuatwe na kila mmoja kama ambavyo mgeni hufuata taratibu za nyumba yoyote ya ibada. Kugusa michoro huiharibu kwa mafuta ya ngozi, hivyo hata asiyeamini lolote kuhusu mahali hapo ana sababu ya kutii. Mwanafunzi ambaye dhamiri yake inamzuia hata kuingia aseme kwa kiongozi kwa faragha, naye atabaki makumbusho.

Nitapimwa vipi, na nitapata cheti?

Kuna kazi tatu: daftari la uwandani linalosomwa na walimu kila jioni, ramani moja uliyoichora mwenyewe, na mahojiano na mzee mmoja kuhusu mahali anapopajua. Hakuna mtihani wa kuandika. Daftari lina uzito mkubwa kuliko kazi nyingine, na tunapenda daftari lenye matope na mistari iliyofutwa kuliko lililonakiliwa upya usiku kwa mwandiko mzuri. Atakayekamilisha zote hupewa cheti cha ushiriki. Endapo unataka chuo chako kiihesabu kozi hii katika masomo yako, omba idhini ya idara yako kabla ya kuondoka, kwa maana uamuzi huo ni wao.

Naweza kuweka picha na sauti za wazee mtandaoni?

Picha za kundi, za ziwa na za maeneo yenye ulinzi kama Thimlich Ohinga unaweza kuziweka. Usitaje wala kuonyesha kwa ramani mahali palipo na mabaki yasiyo na mlinzi, kwa kuwa wapo wanaopita wakitafuta vitu vya kuuza. Sauti na picha ya mzee ni mali yake. Mwombe ruhusa kabla ya kurekodi, mweleze itatumika wapi, na akikubali masomo lakini akakataa mtandao, rekodi hiyo ikae katika daftari na kwenye maktaba ya kozi pekee. Nakala ya mahojiano hurudishwa kwa familia yake, na kazi ya kuifikisha ni ya mwanafunzi aliyemhoji.